Ondo

Wanaitwa Ondo. Kwa Kikorea ni jotoridi.
Kwa bibi yangu, mzaa baba, ondo lilikuwa goti,
na alikuwa nayo mawili mabovu.
Nimeyarithi. Yanasimama usiku kucha juu ya saruji
mbele ya tanuri la mikate, Barabara ya Ellice, Winnipeg,
nje nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.

Kwa hiyo msiniulize mwanamke wa miaka arobaini na saba
anatafuta nini kwa wasichana watano
ambao mkubwa wao hajafika ishirini na moja.
Twendeni kwenye nyimbo.

Wa kwanza ni kelele. Nasema kwa mapenzi.
Ngoma zinaporomoka kama masufuria kutoka kabatini,
na Garam, mwenye sauti nzito kuliko wote,
amepewa sekunde nne.
Nne! Nimehesabu.
Wa pili unafaa kukandia unga.
Wa tatu niliuzima.
Nikavua glavu, nikaurudisha mwanzo.
Orest akauliza kama nimeungua.

Iseul anaanza peke yake, bila ngoma,
kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi,
kisha besi inaingia kwa chini, taratibu,
kama joto kwenye mabomba ya nyumba kuukuu.
Sijui Kikorea. Ila neno moja lilirudi mara kumi na moja: uri.
Marivic, anayetazama tamthilia zao hadi macho yakavimba,
akanifasiria: yetu.
Hata mtoto wa pekee, akasema, humwita mamake "mama yetu".
Nikacheka hadi unga ukanipalia.
Miaka tisa naishi peke yangu,
kitanda kimoja, sufuria mbili,
na mtu akiniuliza natoka wapi
sijawahi kusema kwangu.

Wa nne na wa tano, piteni tu.
Wa sita wameuimba kwa Kiingereza,
kwa ajili yetu tulio huku, nadhani,
ukatoka kama mkate uliokatwa tayari:
mweupe, laini, hauna kosa, hauna ladha.
Najua ninachosema. Naoka elfu mbili kila usiku.
Wa saba sikuusikia vizuri, king'ora cha tanuri kililia.

Kizuri hakikosi ila, haya,
lakini ila kubwa haimo kwenye nyimbo.
Ndani ya kila nakala kuna picha moja, ya bahati nasibu.
Nilinunua tatu nipate ya Danbi.
Nikapata Sohee, Sohee, na Sohee.
Dola tisini na sita!
Sohee mmoja nimembandika juu ya mashine ya kukandia,
ananitazama kama mkaguzi wa afya.

Danbi, eti, maana yake mvua tamu.
Asifuye mvua imemnyea:
mimi wimbo wa nane umenilowesha.
Ana miaka kumi na saba. Karibu na mwisho, akipanda,
sauti inapasuka kidogo,
ufa mwembamba kama wa ganda la mkate likitoka motoni.
Na fundi mmoja huko Seoul, simjui jina,
mwenye vyombo vya kuziba kila ufa duniani,
aliusikia
akauacha.
Mungu ampe maisha.

Albamu yenyewe inaitwa Saebyeok Ne Si,
alfajiri, saa nne.
Nilibisha. Alfajiri gani ya saa nne, watu wameshakunywa chai?
Kisha nikatazama saa ya ukutani. Mshale ulikuwa kwenye nne yao.
Kumi yangu.
Saa ya kutoa mikate.

Wimbo wa tisa hauna maneno. Piano, na mtu anapumua.
Nilifungua tanuri ukiendelea.

Nane juu ya kumi.
Tisa, kama Garam angepewa haki yake.
Niliinama kuvuta trei ya chini, goti la kulia likalia kh,
na Orest, bila kugeuka, akasema
hilo nalo lingekuwemo kwenye wimbo wa kwanza.